Mzee Aliyeligeuzia Ziwa Mgongo

Kra, kra, kra. Sauti hiyo ilitoka jikoni, nje bado giza, jogoo wa kwanza hajawika. Damari alifumbua macho akaisikiliza. Ilikuwa sauti ya kipande cha mwanzi kikimenya ndizi mbichi, na mkono uliokishika ulikuwa na haraka ya furaha.

"Huyo ni Neli," Damari alijisemea. "Anamenya ndizi za kushibisha malori mawili."

Neli alikuwa mke wa mwanawe, Tomasi. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne pale Ngonga. Kwao ni Ikombe, kule ambako milima ya Wakinga inashuka mpaka majini na hakuna njia ila mtumbwi, kwa Wakisi, watu wa vyungu na samaki. Tomasi alimwona gulioni Lyulilo, amekaa katikati ya vyungu vya mama yake, akasahau kilichompeleka huko. Baada ya harusi Tomasi alikwenda Chunya kwenye machimbo ya dhahabu, na Neli akabaki na wakwe zake, akajifunza kupandikiza mpunga kwenye tope. Alijifunza vizuri, tena hakulalamika. Ila mara mbili Damari alikuwa amemkuta amesimama peke yake kwenye jaruba, maji yanamfika kwenye vifundo vya miguu, anayachota kwa viganja na kuyaacha yadondoke. Mara ya pili alimwuliza ana nini.

"Sina kitu, mama," Neli alijibu. "Nayasikiliza tu. Maji ya huku hayana sauti."

Tangu siku hiyo Damari aliweka neno moyoni. Kwaya ya kanisa ilipopanga kwenda kupumzika ufukoni Matema baada ya mavuno, Jumamosi ya mwezi wa tisa, aliwatuma wauza vyungu wampelekee ujumbe Anyisile, mama yake Neli. Alisema hivi: siku hiyo njoo na mtumbwi wako Matema, nami nitakuletea mtoto wako, aoge ziwani mpaka vidole vimkunjamane.

Kisha, Alhamisi, mambo yakaharibika. Kwaya haisafiri bila mzee wa kanisa, na Mzee Lameck aliyekuwa aende nayo alikuwa amejikata mguu kwa jembe. Wazee wakakaa, wakamtaja Zebedayo aende badala yake. Zebedayo alikuwa mume wa Damari na baba yake Tomasi. Kwa hiyo alikuwa baba mkwe wa Neli.

Kwa Wanyakyusa, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Si ugomvi, ni heshima, na wenyewe wanaiita kutila. Watu wa kanisa walikuwa wameilegeza kidogo, lakini hawakuiacha. Pale nyumbani Neli alikuwa na njia yake nyuma ya migomba. Zebedayo naye, kabla ya kuzunguka kona ya nyumba, alikohoa mara tatu, akasimama, akahesabu moyoni mpaka kumi, ndipo akapita. Wakikutana njiani, Neli aliingia majanini na kujifunika kanga kichwani, na mzee alitazama upande wa pili kama mtu aliyeona ndege wa ajabu. Nyumbani kuna migomba, kuna kuta, kuna kona za kutosha. Ufuko wa Matema ni mchanga mtupu.

Jioni hiyo ya Alhamisi Damari alimwuliza mumewe wakati wa kula, "Baba Tomasi, umekubali kwenda?"

"Nimeambiwa."

"Na mtoto je? Nimemwahidi mama yake."

"Mtoto ataoga."

"Ataoga wapi, na wewe umekaa pale pale?"

"Nimesema ataoga," alisema Zebedayo, akaendelea kula.

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake yote. Damari alimkasirikia asubuhi yote ya Ijumaa, kisha akamwona mchana amekaa nyuma ya nyumba anapaka viatu mafuta, na hasira ikapungua. Alikumbuka kwamba Zebedayo alipokuwa kijana alikuwa mpakiaji wa mizigo bandarini Mwaya, na alikuwa akiogelea mpaka kwenye meli na kurudi huku mabaharia wakimpigia makofi. Halafu likaja shamba, likaja kanisa, wakaja watoto. Ziwa hakuwa ameliona kwa miaka kumi na moja. Naye alikuwa na hamu yake.

Basi alfajiri ile Damari aliamka, akaenda jikoni. Neli alikuwa amezungukwa na maganda ya ndizi.

"Mwagonile, mama," Neli alimwamkia, akichutama.

"Ndaga, mwanangu. Umelala kweli?"

"Kidogo." Neli alikwangua ndizi nyingine. "Mama, kama haitawezekana leo, mimi nitakaa ndani ya lori. Nitayasikia maji kutoka huko. Yanatosha."

Damari alichukua mwanzi wa pili, akaanza kumenya naye.

Lori lilifika saa kumi na moja. Dereva aliitwa Lazaro, mtu wa Iringa, mchekeshaji, na hakujua mambo ya pale. Wanakwaya walipanda nyuma wakiwa na masufuria, mikeka na ngoma. Neli alikaa mwisho kabisa, uso ameuelekeza barabarani kule walikotoka, kanga kichwani. Zebedayo alikohoa mara tatu, akangoja, kisha akapanda mbele karibu na dereva. Kabla lori halijaondoka akaona kioo cha pembeni, kinachoonyesha mambo ya nyuma. Alivua kofia yake, akatoa mkono dirishani, akakivika.

"Mzee," alisema Lazaro, "hicho ni kioo changu cha kutazamia nyuma."

"Najua."

"Sasa nyuma nitatazamaje?"

"Nyuma kuna nini?"

"Kunaweza kuwa na magari."

Zebedayo aliitazama barabara ya Ngonga. Mbele yao kulikuwa na mbuzi mmoja. "Likija gari," alisema, "tutalisikia."

Gideoni, mwalimu wa kwaya, aliyekuwa amesimama nyuma yao na kichwa amekiingiza kwenye kidirisha, akaeleza kwamba mzee alikuwa na mkwe wake huko nyuma.

"Wamekosana?" aliuliza Lazaro.

"Hapana. Wanaheshimiana."

"Haya," alisema Lazaro, akawasha gari. "Kwetu tukiheshimiana tunasalimiana." Akaendesha mpaka Ipinda, na kofia ikicheza kiooni njia nzima.

Karibu na mto Lufilyo lori lilikwama mchangani. Wote walishuka kusukuma, isipokuwa Zebedayo, kwa sababu Neli alikuwa miongoni mwa wanaosukuma. Alibaki ndani, amenyooka, anatazama mbele. Lazaro alisema hajapata kuona mkwe anasukumwa na mkwe namna hiyo, na wanawake walicheka mpaka nguvu zikawaishia, ikabidi waanze upya.

Walifika Matema jua limeshapanda. Maji yalikuwa ya buluu, yametulia, yakifika mchangani yanakunjuka polepole kama mtu anayetandika shuka. Upande mmoja milima imesimama wima, na chini yake mitumbwi ya Wakisi ilikuwa imevutwa nchi kavu. Watoto wa pale walikuwa wanaruka kutoka kwenye mwamba, mmoja baada ya mwingine.

Zebedayo hakushuka upesi. Aliwaacha wanawake washuke kwanza, waende mbali kidogo, kisha akamwita Gideoni na kumwomba achukue kiti cha kukunja cha kanisani kilichokuwa ndani ya lori, akakiweke mchangani. Alimwonyesha kwa kidole namna ya kukiweka. Kiti kililigeuzia ziwa mgongo. Mzee akateremka akiwa ametazama chini, akaenda akakaa, mikono juu ya magoti. Mbele yake kulikuwa na migomba ya watu, na lori. Nyuma yake kulikuwa na ziwa lote.

Damari aliona. Alimwendea.

"Baba Tomasi, utakaa hivi mpaka jioni?"

"Hapa naliona lori. Lazima mtu aliangalie lori."

"Lori haliendi popote."

"Basi nitaliangalia lisivyokwenda," alisema Zebedayo. "Mwambie mtoto aoge."

Damari alirudi mbio kama msichana. Neli alikuwa amejibanza nyuma ya mtumbwi mmoja, kanga imemfunika mpaka kwenye nyusi. Alipoonyeshwa mgongo wa mzee na kile kiti, aliutazama kwa muda mrefu. Halafu aliishusha kanga mabegani.

Anyisile alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono yake imekakamaa kwa udongo wa miaka mingi. Alisimama majini mpaka magotini, akangoja. Anyisile alichota maji ya ziwa kwa viganja viwili, akamnawisha binti yake uso taratibu, mara moja, mara ya pili, kama mtu anayefuta vumbi kwenye chungu kipya. Ndipo wote wawili wakaanza kucheka, na Neli akajitupa majini, akazama.

Wanakwaya walingoja aibuke. Hakuibuka. Walianza kuhesabu. Walipofika ishirini baadhi yao waliacha kuhesabu wakaanza kuomba.

Zebedayo alisikia ukimya. "Gideoni," aliita bila kugeuka. "Kuna nini?"

Gideoni alikwenda akasimama kando yake, mwenyewe akitazama ziwani. "Kuna mtu amezama, mzee."

"Mtu gani?"

"Wa nyumbani kwako."

Mzee aliyashika magoti yake.

"Sasa ameibuka," alisema Gideoni. "Yuko mbali. Kule kwenye mtumbwi wa mwisho. Anacheka."

"Mbali kiasi gani?"

"Kama kutoka kanisani mpaka kwa Mzee Lameck."

Zebedayo alifikiri. "Si vibaya," alisema. "Mimi nilikuwa nafika mpaka kisimani kwake."

Kuanzia hapo Gideoni alikuwa macho ya mzee. Alimweleza jinsi Lazaro alivyotoa mpira wa ndani wa gurudumu, akaujaza upepo, na akina mama wa kwaya wakawa wanaelea juu yake mmoja mmoja, wakipiga kelele kwenye maji yasiyofika kiunoni. Alimweleza habari za wanaume wanaocheza mpira mchangani, na nani ameanguka. Zebedayo aliuliza maswali mengi. Aliuliza maji yana rangi gani sasa, na kama milima ya ng'ambo inaonekana. Damari alimletea wali na vidagaa vya usipa vya kukaanga, akaona kwamba hakugeuza shingo hata kidogo, ila masikio yake yote mawili yalikuwa ziwani.

Baada ya kula Wakisi walileta mashindano ya mitumbwi ya wanawake. Kila mtumbwi ukae mwenyeji mmoja na mgeni mmoja, waende mpaka kwenye kibuyu kilichofungwa jiwe na kuachwa kielee, wakizunguke, warudi. Anyisile alimchukua Neli. Wenyeji wenzake wakakataa.

"Huyo si mgeni," alisema mmoja. "Huyo tumemlea."

"Amekuja na lori kutoka Ngonga," alisema Anyisile. "Muulizeni dereva."

"Amekuja na lori," alikubali Lazaro. "Tena amelisukuma."

Basi wakamwacha. Mitumbwi ilikuwa minne. Katika mtumbwi mmoja alikaa Tusekile, mwenye sauti kubwa kuliko wote katika kwaya na mwili wa kuitosha sauti hiyo. Mwanamke mwenyeji aliyekuwa naye alimwambia jambo moja tu: usinyanyuke. Tusekile alisema amesikia.

Walikwenda vizuri mpaka kwenye kibuyu. Waliporudi, Neli na mama yake walikuwa mbele pamoja na mtumbwi mwingine, na Tusekile alikuwa wa mwisho, anaimba. Walikuwa wamebakiza hatua kama thelathini kufika nchi kavu. Hapo ndipo alipotokea Mzee Enoki, mwinjilisti wa pale Matema, mtu mzima mwenye mvi, akipita ufukoni na Biblia kwapani. Aliwaona wageni akainua mkono.

"Mwagonile, mama," aliita kuelekea kwenye mtumbwi wa mwisho.

Tusekile alikuwa amelelewa vizuri. Tangu utoto wake hakuwahi kusalimiwa na mzee akaitikia akiwa amekaa, amenyoosha miguu. Mwili ulitii kabla kichwa hakijakumbuka. Alinyanyuka, akakunja magoti achutame kwa adabu, akamwitikia kama baba yake, "Ndaga, tata," na mtumbwi ukapinduka.

Mwenyeji wake aliibuka upande wa pili, ameushika mtumbwi. Tusekile aliibuka, akazama, akaibuka tena bila sauti. Pale ufuko unashuka ghafla. Hatua kumi kutoka mchangani mtu mzima hafiki chini. Wanaume wa Kikisi wote walikuwa gulioni Lyulilo siku hiyo, na wanakwaya hawakujua kuogelea. Walikimbilia ukingoni wakasimama hapo, wakiita jina lake.

Neli aliruka kutoka kwenye mtumbwi wa mama yake, huku Anyisile na wenzake wakihangaika kuigeuza mitumbwi. Alimfikia Tusekile upesi, lakini Tusekile alimkumbatia shingoni kwa nguvu zote, na wote wawili wakawa wanakwenda chini na kurudi juu. Alimvuta mpaka nusu ya njia, kisha kila walipoibuka walikuwa pale pale.

Zebedayo alikuwa amesimama. Gideoni alikuwa amemwacha, kila mtu alikuwa amemwacha, na alisikia kelele tu nyuma ya kisogo.

"Damari," aliita. Hakuwa na desturi ya kumwita kwa jina mbele za watu. "Ni nani?"

"Ni Tusekile. Mtoto amemshika. Wanashindwa kutoka."

"Umbali gani?"

"Hatua kumi na tano."

Mzee alivua koti lake la kanisani. Akashika mkono mmoja wa koti, akaliacha lining'inie nyuma yake, akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea ziwani, uso ameuelekeza kwenye migomba.

"Mzee, geuka tu," alisema Gideoni, anakaribia kulia. "Mungu ataelewa."

"Mungu ataelewa," alisema Zebedayo, anaendelea kurudi nyuma. "Huyo binti je? Nikimwona hivyo na nguo zimemganda mwilini, kesho atapita wapi nyumbani kwangu? Damari, nielekeze."

Damari aliingia majini na gauni lake, akasimama mahali anapowaona wote. "Nyuma," alisema. "Nyuma moja kwa moja. Sasa kushoto."

Zebedayo alikwenda upande mmoja.

"Kushoto kwako, baba, si kwangu. Hapo. Rudi. Rudi tena."

Maji yalimfika magotini, kiunoni, kifuani. Viatu vilivyopakwa mafuta vilikuwa miguuni. Yalipomfika mabegani alianza kuyakanyaga kama alivyokuwa akifanya zamani Mwaya, uso wake bado unatazama nchi kavu, na koti amelitandaza nyuma yake juu ya maji.

"Neli," aliita Damari, "shika koti."

Neli alinyoosha mkono mara ya kwanza akakosa. Mara ya pili alishika mkono wa pili wa koti. Damari aliona kitambaa kikikazika.

"Ameshika. Vuta."

Mzee alivuta. Aliogelea hatua nne tano kwa mkono mmoja, kisha miguu yake ikapata mchanga, akatembea kwa nguvu kama ng'ombe anayevuta jembe, anatoka majini, na nyuma yake koti, na nyuma ya koti Neli, na shingoni mwa Neli Tusekile. Wanawake waliwapokea kwenye maji ya magoti. Zebedayo aliposikia kwamba wamewashika, aliliachia koti, akaendelea mbele bila kusimama mpaka kwenye kiti chake, akakaa. Maji yalimtiririka.

Tusekile alitapika maji, akalala kwa ubavu. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Sikumalizia kumsalimia mzee." Mzee Enoki, ambaye alikuwa amepiga magoti karibu yake, alimwambia kwamba salamu imefika, imefika kabisa.

Wengine walicheka, wengine walilia. Kisha wakanyamaza, kwa sababu wote walikumbuka kwamba Zebedayo ndiye mzee wa kanisa mwenye safari, na akisema siku imekwisha, imekwisha. Neli alikuwa amekimbilia nyuma ya mtumbwi, amejikunyata chini ya kanga iliyolowa. Mama yake alimshika bega. Damari alimwona anatazama mchanga, hatazami maji tena, kama aliyekwisha kuyaaga.

Gideoni alikwenda mbele ya kiti. "Mzee," alisema, "tukusanye vyombo?"

Zebedayo alikamua mkono mmoja wa shati lake. Akakamua wa pili. "Nani ameshinda?" aliuliza.

"Wapi?"

"Kwenye mitumbwi."

"Hakuna, mzee. Mashindano yamevunjika."

"Basi yarudiwe," alisema Zebedayo. "Mimi sikuacha kuliangalia lori kwa ajili ya mashindano ambayo hayakwisha. Ila Tusekile akae huku mchangani, aimbe tu."

Yakarudiwa, mitumbwi mitatu, Tusekile akiwa amevikwa mablanketi mawili, anaimba kwa sauti iliyokwaruzika. Gideoni alimtangazia mzee kila pigo la kafi. Neli na mama yake walishika nafasi ya pili. Walishindwa na bibi mmoja wa Kikisi asiye na meno hata moja, ambaye mgeni wake hakupiga kafi hata mara moja, alifunga macho tu. Neli alicheka mpaka akaanguka mchangani. Damari hakuwa amemsikia akicheka hivyo tangu siku ya harusi, na alifikiri kwamba labda hata siku hiyo hakucheka hivyo.

Jua lilipoanza kupoa, Neli alikuja kwa Damari, vidole vyote kumi vimekunjamana. Alichutama karibu.

"Mama," alisema, "baba bado hajaliona ziwa."

"Hajaliona, mwanangu."

"Ameingia ndani yake, na hakuliona." Alifikiri kidogo. "Mimi nakwenda na mama yangu kule nyuma ya kibanda wanakokaushia vyungu. Tutakaa huko mpaka lori litakapopiga honi. Hatutachungulia."

"Usiku utaanza kuingia. Umebakiza muda mdogo wa kuoga."

"Nimeoga," alisema Neli. "Mwambie."

Damari aliwangoja mpaka walipopotea nyuma ya kibanda. Alikwenda kwenye kiti.

"Baba Tomasi, ufuko ni mtupu."

"Mtupu vipi? Nasikia watu."

"Kuna watu. Mtoto ameondoka. Ameondoka kwa ajili yako, yuko nyuma ya kibanda na mama yake. Amesema hawatachungulia."

Zebedayo akanyanyuka, akageuka taratibu, kama mtu anayeogopa kwamba kitu kitaruka kiende zake. Aliliangalia ziwa. Maji yalikuwa yamebadilika, karibu na milima yameiva rangi ya zambarau, na mtumbwi mmoja unapita mbali.

"Kumbe ni kubwa hivi," alisema.

"Ulikuwa unalijua."

"Nilikuwa nimelisahau."

Alivua viatu vyake vilivyojaa mchanga, akaviweka kimoja kando ya kingine juu ya kiti. Shati lilikuwa limekwisha kulowa, hakuona haja ya kulivua. Akaingia, safari hii uso ukiwa mbele. Alikwenda kwa hatua fupi mpaka maji yalipomfika kifuani, akajilaza, akaogelea. Mikono yake ilikuwa ya mzee lakini ilikumbuka. Alikwenda mpaka mahali kile kibuyu kilipokuwa kinaelea, akakigusa, akalala chali, akakaa hapo akitazama juu.

Lazaro alipiga honi. Mzee alibaki vile vile. Akapiga mara ya pili.

"Mzee hasikii?" aliuliza Lazaro.

"Ana maji masikioni," alisema Damari. "Subiri kidogo, mwanangu."

Lazaro akamtazama mzee kule majini, kisha akaenda kuutoa upepo ule mpira wake wa gurudumu, polepole kuliko ilivyohitajika. Damari aliona, akamhesabia wema.

Walipokuwa tayari, Neli alikuwa amekwisha kupanda nyuma ya lori, kanga kichwani, uso umeelekea ziwani, maana lori lilikuwa limegeuzwa. Zebedayo alikuwa mbele, amejifunga shuka ya Gideoni, koti lake limetandazwa kwenye boneti likauke kwa joto la injini, na kofia iko kiooni. Anyisile alikuja dirishani kwa mzee akiwa na chungu kipya, akampa Damari aliyekuwa amesimama hapo, kisha akachutama mchangani, akainamisha kichwa.

"Ndaga fijo, tata," alisema, akimshukuru.

"Ndaga, mama," alijibu Zebedayo. "Mtoto wako anaogelea vizuri. Nimeambiwa."

Anyisile alicheka kwa chini. Aliutazama uso wa Damari, kisha akainama tena, akasema, "Safari nyingine msije hapa. Njooni nyumbani, Ikombe, mlale siku mbili. Kwetu kuna mwamba mkubwa umeingia ziwani, umegawa ufuko. Mtoto atakuwa upande wa vyungu na mimi, na wewe utakuwa upande wa nyavu na mume wangu, na hakuna atakayekaa anatazama migomba. Njooni, tata, kabla mvua hazijaanza. Mtumbwi nitauleta mwenyewe."